Posta ya Springdale, jina la Rachel Carson na mbu wa Afrika

Kila habari ya namna hii inapopita kwenye simu zetu, maswali huwa yale yale. Bunge la Marekani limeketi, limejadili, limepiga kura, na Rais ametia saini, ili posta ya mji mdogo iitwe kwa jina la mtu fulani. Kuna wanaodhani ofisi imejengwa upya. Kuna wanaodhani imekabidhiwa familia ya huyo mtu, au kwamba wakazi wote sasa wabadilishe anwani zao. Na kuna wanaouliza swali zito zaidi: Bunge la taifa kubwa linakosaje kazi mpaka lihangaike na kibao cha posta?

Nitajibu kwa kutumia posta moja, ya Springdale, jimbo la Pennsylvania, iliyopewa jina la mwanasayansi Rachel Carson mwaka 2007. Ningeweza kuchagua nyingine, zipo nyingi. Nimeichukua hii kwa sababu mjadala wake ulifika mpaka kwetu. Waliopinga jina la mama huyu walitoa hoja moja kubwa: kwamba kwa maandishi yake Waafrika wamekufa kwa malaria. Hoja hiyo bado inazunguka kwa Kiswahili, wanaoirudia wengi hawajui ilianzia wapi, na inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wanaopokea barua Springdale.

Kwanza, maana ya neno. Tukisikia posta imepewa jina, kinachozungumzwa ni jengo. Si shirika la posta, wala huduma, wala mji. Jengo la Springdale liko namba 896, barabara ya Pittsburgh, na sheria inasema jengo hilo liitwe Jengo la Posta la Rachel Carson, na kwamba popote nyaraka au ramani za serikali zitakapolitaja, zihesabike zinalitaja kwa jina hilo. Sheria nzima ni aya mbili fupi.

Kwa nini Bunge? Kwa sababu Katiba ya Marekani, katika ibara yake ya kwanza, inalitaja Bunge kuwa ndilo lenye mamlaka ya kuanzisha posta na barabara za posta. Zamani zile posta ndiyo iliyoshikanisha nchi: magazeti, barua za serikali, habari za ndugu waliohamia mbali. Posta ni huduma ya umma wa taifa zima, na desturi iliyojengeka ni kwamba jina la heshima juu ya jengo kama hilo linatoka kwa sheria, si kwa meneja wa ofisi.

Safari ya muswada huwa hivi. Mbunge wa eneo husika anauandika, na kwa desturi ya Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, anatakiwa kupata uungaji mkono wa wabunge wenzake wote wa jimbo lake, wawe wa chama chake au wa upinzani. Muswada unapita kwenye kamati, kisha unaletwa ukumbini kwa njia ya mkato inayotumika kwa mambo yasiyotarajiwa kuzua ugomvi: mjadala mfupi, na ili upite unahitaji theluthi mbili ya kura. Ukitoka hapo unakwenda Seneti, baraza la pili, na huko kwa kawaida hupitishwa kwa ridhaa ya wote. Ridhaa ya wote ni kama matangazo ya ndoa kanisani. Padri anasoma majina, anauliza kama kuna mwenye kizuizi, na kanisa likinyamaza mambo yanaendelea. Akisimama mtu mmoja tu, shughuli inasimama mpaka neno lake lisikilizwe. Seneta mmoja anaweza kuweka kizuizi cha namna hiyo, na muswada ukakaa.

Kwa kuwa njia ni nyepesi, sheria za namna hii ni nyingi. Katika vipindi kadhaa vya karibuni vya Bunge hilo, karibu sheria moja kati ya tano ilikuwa ya kuipa posta jina. Takwimu hiyo husambazwa kama ushahidi wa uvivu. Mimi siioni hivyo. Muswada wa dakika chache haumzuii mtu kujadili bajeti. Kinachowakwamisha kwenye bajeti ni kutokubaliana, na kutokubaliana huko kungekuwepo hata posta zote zisingekuwa na majina.

Na baada ya saini, nini kinabadilika? Kibao cha ukumbusho kinawekwa ndani, ukumbini, pale watu wanapopanga foleni kununua stempu. Basi. Barua inayokwenda Springdale bado inaandikwa Springdale, na msimbo wa posta ni ule ule, 15144. Hakuna mkazi anayekwenda kubadilisha kitambulisho. Mkazi wa Dar es Salaam ataelewa haraka: sisi tuna Posta Mpya na Posta ya Zamani, na konda wa daladala akizitaja kila abiria anajua pa kushuka, bila kujali kibao cha mlangoni kinasemaje. Nairobi nako, iliyokuwa Forest Road sasa ni barabara ya Profesa Wangari Maathai, lakini wapo wazee ambao midomo yao bado inakwenda kwenye jina la kale. Jina la heshima ni zawadi kwa kumbukumbu. Halimlazimishi mtu kubadili njia yake ya kufika.

Sasa ilikuwaje zawadi ndogo kama hiyo ikazua ugomvi?

Rachel Carson alizaliwa Springdale tarehe 27 Mei 1907, mji ulio kandokando ya mto Allegheny. Alisomea biolojia, akapata shahada ya uzamili ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932, enzi ambazo wanawake katika fani hiyo walikuwa wachache. Akaajiriwa na idara ya serikali ya uvuvi, baadaye ya samaki na wanyamapori, akapanda mpaka kuwa mhariri mkuu wa machapisho yake. Aliandika kuhusu bahari kwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu aliielewa na kuipenda, na vitabu hivyo ndivyo vilivyomwezesha kuacha kazi ya ofisi akabaki na kalamu.

Mwaka 1962 akatoa kitabu kilichombadilishia maisha, Silent Spring. Jina lake lina maana ya majira ya kuchipua yaliyo kimya, yaani msimu wa ndege kuimba umefika na hakuna ndege anayeimba. Kilihusu viuatilifu, hasa DDT.

DDT ni kemikali ya kuua wadudu. Nguvu yake iligunduliwa na mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilikuwa bei rahisi, ilidumu muda mrefu, na iliua chawa, mbu na wadudu wa mashambani. Katika Vita vya Pili vya Dunia iliokoa wanajeshi na raia wengi na homa ya chawa. Hakuna haja ya kuficha hilo, na Carson hakulificha.

Tatizo lake ni hiyo hiyo sifa ya kudumu. DDT haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukimwagikiwa na mafuta ya taa kwenye kanga, unaweza kuisuuza kwa maji siku nzima na harufu isitoke. Ndivyo DDT inavyokaa mwilini: haitoki kirahisi kwa mkojo, inajificha kwenye mafuta ya mwili. Fikiria ziwa. Dagaa mmoja ana chembe kidogo isiyomdhuru. Sangara anakula dagaa maelfu, na chembe zote zinabaki kwake. Tai mla samaki anakula sangara wengi, na mzigo wote wa chini unamfikia yeye. Kila ngazi inarithi deni la ngazi iliyo chini. Kwa tai wa Marekani deni hilo lilionekana kwenye mayai: ganda likawa jembamba, mama akilalia linapasuka. Carson alieleza pia kisa cha miti iliyopuliziwa dawa ili kuzuia ugonjwa wa miti, majani yakaanguka, minyoo ya ardhini ikala majani, ndege wakala minyoo, wakafa. Aliyepuliza mti hakumlenga ndege. Ila sumu ilishajua njia.

Kampuni za kemikali zilimshambulia vikali. Mwaka 1963 jopo la washauri wa sayansi wa Rais Kennedy lilitoa ripoti iliyounga mkono kwa kiasi kikubwa wasiwasi wake, na Juni mwaka huo alikwenda Seneti kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo. Alikuwa tayari anaugua saratani ya matiti. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56.

Nimeitaja tarehe hiyo kwa makusudi, kwa sababu uvumi mkubwa kuliko wote unasema Carson aliipiga marufuku DDT. Hakuwa na mamlaka hayo, na marufuku ya Marekani ilikuja mwaka 1972, miaka 8 baada ya kifo chake. Tena marufuku hiyo ilihusu matumizi ya kilimo nchini Marekani. Iliacha wazi matumizi ya dharura ya afya ya umma, na viwanda vya huko viliendelea kuiuza nje ya nchi.

Basi turudi mwaka 2007, mwaka wa kutimia miaka 100 tangu azaliwe. Mbunge wa eneo la Springdale aliwasilisha muswada wa posta. Kwenye Baraza la Wawakilishi ulipita kwa kura zaidi ya 300, lakini wabunge 53 wakapiga kura ya hapana, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa muswada wa posta. Kisha, kwenye Seneti ile ile ambako Carson alitoa ushahidi mwaka 1963, Seneta Tom Coburn wa Oklahoma, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari, akaweka kizuizi kwa hatua za kumuenzi. Hoja yake ilikuwa kwamba sayansi ya Carson ni mbovu na imegharimu maisha ya watu katika nchi maskini, kwa kuwanyima DDT dhidi ya malaria. Mwishowe kizuizi cha posta kiliondoka, na Agosti 2007 Rais George W. Bush alitia saini.

Hoja ya Coburn isipuuzwe. Sisi tunaozika watoto kwa malaria hatuwezi kuichukulia juujuu. Ila inachanganya vitu viwili ambavyo mtu yeyote aliyewahi kuona dawa ikipulizwa nyumbani anavitofautisha bila shida.

Niliwahi kuona zoezi hilo mkoani Kagera. Wapulizaji wanakuja na ovaroli, barakoa na pampu mgongoni. Kabla hawajaingia, vyombo vyote vinatolewa nje: sufuria, magunia ya maharage, godoro, kuku waliotamia wanahamishwa na viota vyao. Nyumba inabaki tupu. Mpulizaji anaanzia juu ya ukuta, anashuka taratibu kwa mstari, anapanda tena, kama fundi anayepaka rangi kwa uangalifu. Kisha milango inafungwa na watu wanasubiri nje. Kwa Kiswahili cha wataalamu wetu inaitwa dawa ukoko, na neno limekaa pake: inaganda ukutani kama ukoko wa ubwabwa chini ya sufuria, inabaki kwa miezi. Mbu wa malaria akishamnyonya mtu huwa mzito, anatafuta ukuta apumzike. Akitua hapo, ndiyo mwisho wake.

Linganisha na ndege inayomwaga dawa juu ya maelfu ya ekari za pamba. Moja inaweka kiasi kidogo ndani, mahali mbu anapotua. Nyingine inamwaga tani kwa tani kwenye udongo, mito na malisho. Kilichomtia Carson hofu hasa ni hili la pili. Kuhusu magonjwa aliandika waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye busara anayesema magonjwa yanayoenezwa na wadudu yaachwe. Alichouliza ni kama ni busara kuyapiga kwa njia inayoyafanya yawe magumu zaidi kesho.

Ugumu aliouzungumzia ni usugu. Ukipuliza shamba zima kila wiki, mbu wa kwenye madimbwi ya shambani nao wanaipata dawa. Wengi wanafa. Wachache wenye maumbile ya kuistahimili wanabaki, na hao ndio wanaozaa. Ni kama mtu anayekunywa dawa za vijidudu nusu dozi kila akipiga chafya. Siku akiugua kweli, dawa haifanyi kazi. Kwa hiyo kuizuia DDT mashambani kuliisaidia DDT ya ukutani kubaki na makali. Jambo hili linasahauliwa na pande zote mbili za ugomvi, na kwangu ndilo la msingi kuliko yote.

Sri Lanka inaonyesha. Mwaka 1963, baada ya miaka ya kupuliza DDT, nchi nzima iliripoti wagonjwa 17 tu wa malaria. Upuliziaji ukasitishwa kwa sababu ilionekana kazi imekwisha na fedha ni haba. Miaka michache baadaye malaria ikarudi kwa mamia ya maelfu ya wagonjwa. Waliporejesha DDT wakakuta mbu wameanza kuwa sugu, na ikabidi wahamie dawa nyingine.

Zanzibar ina kisa kinachofanana. Kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 iliishusha sana Unguja na Pemba. Mwaka 1968 ikasimama, na ugonjwa ukarudi. Hakuna kitabu kilichosababisha hilo. Kilichosababisha ni kuacha kazi kabla haijaisha. Na kwa bara letu kwa ujumla, ile kampeni ya dunia ya kutokomeza malaria, iliyoendeshwa kuanzia 1955 hadi 1969, iliiacha nje sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kwa kuonekana kwamba huku ni kugumu mno. Huwezi kusema tulinyang'anywa mpango ambao hatukuwahi kupewa.

Lakini haki itendeke pande zote. Afrika Kusini iliacha DDT mwaka 1996 ikahamia dawa za jamii ya pareto. Aina moja ya mbu hatari, ambayo DDT ilikuwa imeifukuza, ikarudi ikiwa sugu kwa dawa hizo mpya, na wagonjwa wakaongezeka vibaya KwaZulu-Natal. Mwaka 2000 DDT ikarudishwa na hali ikatulia. Anayesema DDT haikuwahi kuwa na faida yoyote kwa Mwafrika naye anakosea.

Na sheria za kimataifa? Mkataba wa Stockholm, uliosainiwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, ambao Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama, unazuia DDT kilimoni na unairuhusu kwa kudhibiti wadudu waenezao magonjwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza waziwazi kuunga mkono upuliziaji wa majumbani, DDT ikiwemo. Yaani mwaka mmoja kabla ya ugomvi wa posta ya Springdale, dawa iliyodaiwa kukatazwa ilikuwa imeruhusiwa kwa kazi ile ile iliyodaiwa kuzuiwa. Uganda iliipuliza mwaka 2008 katika wilaya za Apac na Oyam. Ikasimama baada ya kesi mahakamani, huku wakulima wa pamba ya kilimo hai wakihofia kwamba mabaki yake kwenye mazao yatawafungia soko. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwa mkulima ambaye ghala lake na chumba chake cha kulala ni paa moja.

Siku ile Kagera, mama mmoja aliyekuwa ameshika kuku wake wawili alimuuliza mpulizaji: "Mwanangu, hii si ndiyo ile DDT wazungu wameikataa, mkatuletea sisi?" Kijana alisema tu, "Hapana mama, ni salama," akaendelea na nyumba ya jirani. Mama hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika.

Angestahili kuambiwa hivi. Mama, si DDT. Dawa ukoko zinazotumika nchini kwa miaka ya karibuni ni nyingine, na moja kati yake ni ya aina ile ile unayochanganya na mahindi yasibunguliwe. Zinabadilishwa kila baada ya muda ili mbu wasizizoee. Hata DDT yenyewe haijakatazwa ukutani. Imekatazwa shambani, kwa sababu ikiingia kwenye udongo na maji inakaa, inawarudia ndege, samaki na wewe. Kuku wako usiwarudishe ndani mpaka ukuta ukauke na sakafu ifagiwe, na takataka za kufagia uzifukie mbali na kisima.